Mfamasia raia kwa mkataba hospitali ya jeshi: kazi yenyewe iko hivi

Mkuu, umeuliza mambo matatu: raia akiingia hospitali ya jeshi kwa mkataba anavalishwa gwanda au vipi, wanataka sifa gani, na kazi ina tofauti gani na ya hospitali ya kiraia. Nimeifanya kazi hiyo, mikataba mingine ikahuishwa na mingine ikaishia hewani, kwa hiyo nakujibu nilivyoiona.

Gwanda huvai. Huna cheo, hupigi saluti, hupelekwi operesheni. Na hiyo ndiyo sababu ya kukuajiri: mfamasia mwanajeshi anaweza kuhamishwa muda wowote, na dirisha la dawa haliwezi kufungwa kwa sababu yake. Wewe ndiye unayebaki. Kichekesho ni kwamba baada ya muda yule anayeitwa wa muda ndiye anayejua mgonjwa gani ana mzio wa penisilini na dawa gani huisha stoo kila mara, huku wa kudumu wakija na kuondoka.

Sifa hazina maajabu. Shahada ya famasi, utarajali uliokamilika, usajili na leseni hai, uzoefu kidogo wa wodini, cheti cha huduma ya dharura ya moyo na pumzi, chanjo ya homa ya ini B. Angalia leseni isiishe katikati ya mkataba, maana ikilala siku moja tu huruhusiwi kugusa cheti cha dawa, yaani karatasi ya daktari ya kuagiza dawa. Kinachochelewesha watu ni upekuzi wa usalama. Watakuuliza ulikoishi, ulikosoma, madeni, kesi. Jibu ukweli mtupu, na usiache kazi uliyonayo kabla kibali cha kuingia kambini hakijatoka. Nimeona watu wamekaa nyumbani bila mshahara wakisubiri karatasi hiyo.

Majukumu mengi unayajua tayari: kuhakiki vyeti vya dawa, kutoa dawa na maelekezo, kuzunguka wodi na madaktari, kukagua dozi za wenye figo dhaifu, kusimamia friji ya chanjo isitoke nyuzi 2 hadi 8. Usije ukidhani utashinda na majeruhi wa vita. Foleni kubwa ni ya wastaafu, wenza na watoto: presha, sukari, pumu, kikohozi.

Tofauti iko kwa askari aliye kazini. Kwa raia unauliza umri, mzio, dawa nyingine. Kwa huyu unaongeza: unafanya kazi gani wiki hii? Dawa ya mafua inayoleta usingizi ni kitu kidogo kwa mtu anayerudi nyumbani kulala. Kwa rubani, dereva wa lori au mtu anayeingia lindo na silaha ni habari nyingine kabisa, na wakati mwingine lazima daktari wake ajulishwe ili apumzishwe. Kinga ya malaria nayo ina mitego yake. Meflokwini inaweza kuvuruga akili, na mwaka 2013 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliiwekea onyo la ngazi ya juu kabisa. Mtu anayerusha ndege humpi. Doksisiklini inaifanya ngozi iungue haraka juani, na akiimeza kavu kisha akalala chali inamchoma koo la chakula. Primakwini humpi mtu kabla ya kupima kimeng'enya cha G6PD, la sivyo unaweza kumvunjia chembe nyekundu za damu.

Lakini dawa iliyonisumbua kuliko zote ni ibuprofeni. Kuruta anaumwa magoti, anaogopa kuripoti mgonjwa asije akarudishwa nyuma kwenye mafunzo, anameza vidonge kama karanga, kisha anatembea juani na mzigo mgongoni, maji kidogo. Figo zinaumia hivyo. Ukimwona amerudi dirishani kuomba tena, usimwongezee kimyakimya. Muulize mkojo una rangi gani. Akisema kama chai, anaenda kwa daktari saa hiyohiyo.

Dawa za kulevya zinazodhibitiwa, yaani morfini, pethidini, fentanili na wenzao, zinahesabiwa kila zamu inapobadilishana. Wawili mnasimama mbele ya kabati, mmoja anahesabu ampuli kwa sauti, mwingine anafuata leja. Nusu ampuli iliyobaki inamwagwa mbele ya shahidi na wote wawili mnasaini. Ukikosea kuandika, piga mstari mmoja, andika upya, weka saini. Wino wa kufutia ni marufuku. Ikipungua moja hakuna wa kwenda nyumbani. Hata hospitali za kiraia zina utaratibu huu, ila jeshini hakuna wa kukwambia "tutaangalia kesho".

Kuhusu vyeo, ambavyo najua ndivyo vinavyokutia hofu. Daktari kanali aliwahi kumwandikia mstaafu kotrimoksazoli, na mzee alikuwa anatumia spironolaktoni kwa ajili ya moyo. Zote mbili zinapandisha potasiamu, na ikipanda sana moyo unaweza kusimama. Sikumjibu mbele ya foleni. Nilimpigia simu: "Afande, huyu mgonjwa ana spironolaktoni, kipimo chake cha mwisho cha potasiamu kilikuwa juu, napendekeza tubadilishe antibayotiki." Akabadilisha, mazungumzo yakaisha. Angekataa, nisingetoa dawa, ningepeleka suala kwa mkuu wa famasi. Leseni ni yako, cheo chake hakitakutetea mbele ya baraza la famasi.

Sasa mkataba, soma kila mstari. Wa kwangu ulinikataza kuwapa askari amri za kijeshi, kuwaadhibu, na kuidhinisha manunuzi. Kumfundisha fundi sanifu wa dawa kazi, sawa. Kumwandikia tathmini ya utumishi, hapana. Mkubwa akikuomba "nisainie hapa tu" kwenye karatasi ya kupokea mzigo ambao mkataba haukupi mamlaka nao, mrudishie kwa heshima.

Halafu pesa. Kama anayekulipa ni wakala aliyeshinda zabuni na si hospitali, muulize nani analipa bima ya dhima ya kitaaluma, likizo ya ugonjwa ina malipo au haina, na wakala mwingine akishinda zabuni ijayo nyie mlioko kazini mnachukuliwa au mnaomba upya. Ulizia pia siku ambazo kliniki inafungwa kwa ajili ya mazoezi ya kijeshi. Mimi nililipwa kwa saa nilizofanya tu, na kambi ilipofungwa geti sikulipwa.