Solotepu pekee kwenye maungio ya waya za tela?

Haitoshi, kaka. Joto likilainisha gundi yake, maji yanapenya na shaba inaota kutu ya kijani. Unga kwa lehemu, kisha funika kwa ule mpira unaonywea ukiupasha moto, wenye gundi ndani. Uupitishe kwenye waya kabla hujaunga (mimi mwenyewe nishasahau mara ngapi!). Lehemu hukakamaza waya, kwa hiyo ufunge usichezecheze.

Nafunga waya za tela za tumbaku hapa Urambo. Nyingi zinazokuja masika taa zimefifia, ukifuatilia ni ethi (waya unaorudisha umeme kwenye chuma cha tela) imebanwa juu ya rangi. Kwangua mpaka chuma king'ae, kaza bolti, ndipo upake grisi. Plagi mdomo uangalie chini.