Kuongeza vyumba uani Ngamiani: kibali kwanza

Dada, umeuliza kama ridhaa ya jirani na barua ya mwenyekiti wa mtaa zinatosha kuongeza vyumba viwili uani kwako Ngamiani, hapa Tanga. Ni vizuri kuwa navyo, ila hicho si kibali. Vyumba viwili vya uani ni ujenzi kama ujenzi mwingine, na kibali kinatolewa na Halmashauri ya Jiji la Tanga. Nenda na hati ya kiwanja, pamoja na ramani inayoonyesha nyumba iliyopo na hivyo vyumba vipya. Mchoraji apime kiwanja mwenyewe, asichore kwa kuambiwa.

Kwa viwanja vya Ngamiani vilivyobanana, tazama sana maji. Bati la chumba kipya likimwaga mvua ya masika ukutani kwa jirani, ridhaa yake itaisha siku hiyohiyo. Mteremko uelekee kwako, na mfereji uchorwe kabisa kwenye ramani. Shimo la choo nalo lionekane, msije mkajenga juu yake gari la kunyonya likakosa pa kuingizia bomba.

Fundi akikuhimiza muanze msingi huku mkisubiri, mkatalie. Ukuta ukishapigwa X nyekundu ya kubomolewa, hela ya tofali na saruji imekwenda, na kibali bado utakifuata kulekule. Ukitaka ghorofa, tafuta pia mhandisi.