Muulize Anayelala Kando Yako

Mke wangu ndiye aliyeugundua ugonjwa wangu wa apnea, yaani pumzi kukatika usingizini, tena gizani, kwa kuhesabu. Usiku mmoja wa mwezi wa saba, baridi ya Lubumbashi ilipomkosesha usingizi, alinisikia nikikoroma kwa nguvu, kisha kimya. Kifua kilihangaika kupanda na kushuka, lakini hewa haikupita puani wala kinywani. Akaanza kuhesabu polepole. Alipofika 23 nilishtuka, nikavuta pumzi kwa kishindo, nikakoroma upya.

“Baba Kabwe, pumzi yako inakatika usiku kucha,” aliniambia asubuhi. Nilimjibu kwamba nimelala vizuri, na kwa kadiri nilivyojua nilisema kweli.

Dalili za mchana nilikuwa nimezitafutia sababu nyingine. Kichwa kuuma kila asubuhi nilisema ni vumbi la kiangazi. Kuamka mara tatu kwenda haja ndogo nilisema ni umri. Na shinikizo la damu, ambalo hapa kwetu tunaliita tansio, lilikataa kushuka ijapokuwa nilimeza dawa za aina mbili. Kilichonisadikisha ni barabara ya Likasi: karibu na Luisha, saa nne ya asubuhi, nilisinzia kwenye usukani, nikazinduliwa na kokoto za ukingoni zikigonga chini ya gari. Kando yangu alikuwa ameketi mwanangu.

Tunapolala misuli ya koo hulegea, na kwa baadhi yetu ulimi na nyama laini za nyuma ya kinywa huifunga njia ya hewa. Oksijeni hushuka katika damu, ubongo humzindua mtu kwa sekunde chache asizozikumbuka, na kila mshtuko hukaza mishipa na kuusukuma moyo. Ndiyo maana apnea hii huandamana na tansio, kiharusi na moyo kwenda mbio bila mpangilio. Nilipolala na kifaa cha kupimia, chenye mkanda kifuani, mrija puani na kibanio kidoleni, ilionekana kwamba pumzi hukatika au kupungua mara 42 kwa saa. Kuanzia 30 ugonjwa huhesabiwa kuwa mkali.

Tiba yangu ni mashine ya kusukuma hewa kupitia barakoa, njia ambayo Colin Sullivan na wenzake wa Australia waliitangaza mwaka 1981. Hewa yenyewe ni ya kawaida. Msukumo wake ndio unaolizuia koo lisijifunge. Wiki mbili za kwanza niliivua kila usiku, mpaka nilipobadilisha barakoa iliyonibana. Umeme unapokatika hutumia betri, nami huzima sehemu inayopasha maji ya kuipa hewa unyevu, kwa sababu ndiyo inayokula umeme mwingi. Kulala ubavu na kupunguza uzito kumenisaidia pia. Lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, na dawa za usingizi nimeziacha kabisa, maana huzidi kulilegeza koo. Wenye ugonjwa mwepesi huweza kupewa kifaa cha mdomoni kinachovuta taya mbele, na watoto wengi hupona wakitolewa tezi za koo zilizovimba. Wembamba nao wasijione salama, kwani taya dogo hutosha kuleta shida hii.

Ukiambiwa unakoroma na kunyamaza ghafla, usibishe. Mwombe aliyekusikia akurekodi kwa simu usiku wa manane, kisha mwende wote wawili kwa daktari, kwa sababu maswali mengi yeye ndiye atakayeweza kuyajibu.