Do Ilipohamia E Flati

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Arusha aliniuliza kama ni lazima akariri skeli meja zote 12 (ngazi za do hadi do, kila moja ikianzia noti yake) kabla hajaanza kupigia kwaya kinanda. Swali lake limeniamshia aibu niliyoipata Moshi, ambayo, kusema kweli, bado inaniuma.

Kwa miaka minne nilipiga kila wimbo kwa C, yaani do ikiwa C, funguo nyeupe tupu, huku kitufe cha transpozi, kile kinachopandisha au kushusha sauti ya kinanda bila vidole kuhama, kikinisitiri. Siku moja tulialikwa kuimba harusini, nikakuta piano ya mbao isiyo na kitufe chochote, na mwalimu wa kwaya akatangaza kwamba do ni E flati, ufunguo mweusi ulio kushoto mwa E. Nilipofika kwenye fa nikabonyeza A nyeupe. Sauti ya nne wakanyamaza, sauti ya kwanza wakageuka kunitazama. "Kijana wangu," mwalimu aliniuliza mbele ya wageni, "wewe unapiga kinanda, au kinanda ndicho kinachokupiga?"

Nilichokikosa mikononi, wanakwaya wote walikuwa nacho kooni. Skeli meja ni mpangilio wa hatua (nusu ni kwenda ufunguo wa jirani kabisa, mweupe au mweusi; nzima ni nusu mbili): nzima, nzima, nusu, nzima, nzima, nzima, nusu, na nusu hizo mbili hukaa daima kati ya mi na fa, na kati ya ti na do. Katika C zinaangukia E na F, kisha B na C, mahali pasipo na ufunguo mweusi katikati, ndiyo maana C humdanganya mwanafunzi akadhani skeli ni weupe wa funguo. Do ikihamia E flati, mi inakuwa G, na fa haina budi kuwa A flati, kwa sababu A nyeupe iko hatua nzima kutoka G.

Kwa hiyo, ndugu zangu, acheni kukariri rangi. Imbeni do hadi do polepole, kidole kimoja kikizitafuta noti, kabla hamjahangaika na kanuni za vidole (katika E flati, dole gumba la kulia hutua F na C). Na kitufe hicho kizimeni! Mnanunua vinanda vya bei kubwa, kisha mnavitumia kujificha.

Mwezi uliopita nilimpigia mwalimu yuleyule wimbo mzima kwa E flati. Ulipokwisha, aliinama kimya juu ya kinanda changu, akavaa miwani, akatafuta taa ya transpozi. Ilikuwa imezimwa.