Mchoro wa Bikira Maria wa "karne ya 14" kutoka Arezzo: omba picha za mgongo

Mkuu, picha zako nne nimezitazama, na zote ni za mbele. Unasema muuzaji wa pale sokoni Arezzo, Italia, anadai ni kazi ya mji wa Siena ya miaka ya 1350, bei yuro 9,000, na ukiununua unaondoka nao kwenda Ujerumani unakoishi. Kwa maoni yangu usitoe hata kishika uchumba mpaka uone mgongo wa ubao huo na karatasi zake. Mimi ni seremala wa Tanga, na riziki yangu huku mkoani Toscana ni kuwatengenezea mafundi wanaokarabati michoro ya zamani viunzi vya kushikia mbao zilizopinda. Mambo ya mtindo na mkono wa mchoraji nawaachia wenye elimu yao. Mbao naijua.

Wachoraji wa Italia wa zama hizo walitumia zaidi popla. Ubao ulipasuliwa mnene, nyuma ukaachwa na makovu ya tezo, mbele ukapakwa gundi, mara nyingi ukabandikwa kitambaa cha kitani, kisha jasi tabaka juu ya tabaka, ikakwanguliwa mpaka ikalainika. Kwa kuwa mbele kumezibwa na nyuma kuko wazi, nyuma husinyaa zaidi, na baada ya karne kadhaa ubao hubinuka, uso uliochorwa ukitokeza kidogo. Ukikuta ubao mwembamba, umenyooka kabisa, basi ama ulirandwa na kupigiwa fito nyuma, kazi iliyofanywa sana karne ya 19, ama ni wa juzi tu. Alama za upinde za msumeno wa mviringo nazo haziwezi kuwa za mwaka 1350.

Sasa vile vitundu vya dumuzi ulivyovifurahia. Dumuzi akitoka huacha tundu la duara, lakini huko ndani njia yake inapindapinda. Chukua unywele mgumu wa brashi uuchomeke taratibu. Ukizama moja kwa moja, hiyo ni keekee. Halafu angalia kama kuna mifereji iliyolala wazi juu ya mbao. Mfereji wa namna hiyo hujitokeza pale mbao iliyokwisha kuliwa inaporandwa au kupasuliwa. Nyuma hilo linasameheka. Ukiuona chini ya jasi, pale ilipobanduka, jua kuna mtu aliyechora juu ya mbao kuukuu. Siena ilikuwa na mabingwa wa kazi hiyo. Icilio Federico Joni, aliyefariki 1946, aliandika hata kitabu cha maisha yake ya kughushi. Mwenzake Umberto Giunti alitengeneza Bikira Maria aliyenunuliwa mwaka 1930 kama kazi ya Botticelli, mchoraji wa Italia wa karne ya 15, na sasa yuko kwenye jumba la sanaa la Courtauld, London. Uchunguzi ulikuta vitundu vya kutobolewa na buluu ya Prussia, rangi ambayo haikuwepo kabla ya karne ya 18. Kwa hiyo muuzaji akikupa cheti cha kipimo cha kaboni, mshukuru na uendelee na maswali yako. Hicho kinapima umri wa mti tu.

Katika picha yako ya pili, ukingo wa kulia umekatwa wima na jasi imevunjika. Zamani fremu ilipigiliwa kabla ya jasi kupakwa, hivyo ikibanduliwa huacha tuta dogo la jasi pembeni. Naliona kushoto, kulia silioni. Huenda ni kipande cha kazi kubwa zaidi, na hilo peke yake si aibu. Ule mchoro mdogo wa Cimabue, mchoraji wa Italia wa karne ya 13, uliokutwa jikoni Compiègne, Ufaransa, nao ulikuwa kipande, na njia za wadudu zilisaidia kuuunganisha na ndugu zake. Uliuzwa mwaka 2019 kwa zaidi ya yuro milioni 24, serikali ikazuia usitoke nchini, na mwaka 2023 ukaingia makumbusho ya Louvre, Paris.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni uso. Vazi limechakaa, dhahabu imelika mpaka udongo mwekundu wa chini unaonekana, lakini mashavu ni laini na ya waridi. Wachoraji hao walitanguliza rangi ya kijani chini ya ngozi, ndiyo maana nyuso nyingi zilizosuguliwa zina ukijani. Uso huo umepakwa upya, sijui lini. Nenda na taa ya UV, hata ile ya kukagulia noti bandia, uombe sehemu yenye giza: viraka vipya huwa vyeusi juu ya vanishi ya zamani.

Karatasi ndizo zitakazoamua. Makanisa ya Italia yameibiwa mno, na kikosi cha polisi wa Carabinieri cha urithi wa utamaduni kina kanzidata ya vilivyoibwa ambayo raia anaweza kuitafuta bure. Pitia pia hazina ya picha za zamani za michoro ya taasisi ya Fondazione Zeri, Bologna, iko mtandaoni. Huenda ukaukuta humo ubao wako ukiwa na uso mwingine, kabla haujapakwa upya. Na kuutoa Italia lazima kupitie ofisi ya usafirishaji ya serikali, inayoweza kukataa kutoa kibali. Wakikataa, utabaki nao humu humu, na bei itashuka. Andikeni mkataba kwamba kibali ni jukumu la muuzaji na hela hailipwi kabla hakijatoka. Akikataa sharti hilo, achana naye.

Ukirudi pale, piga picha mgongo mzima, kingo zote nne na unene wake kwa rula, mwanga ukitokea ubavuni. Ziweke hapa nizione.