Noti za fidla ziwe kubwa kiasi gani?

Swali: Mimi ndiye mwandishi wa noti wa kikundi chetu cha taarab hapa Chake Chake, natumia programu ya kuandikia noti ya MuseScore. Najitahidi kila wimbo uenee ukurasa mmoja wa A4, lakini wapiga fidla wanalalamika hawaoni. Niandike kwa ukubwa gani?

Jibu: Programu iache kwanza, ndugu yangu, chukua rula. Kwenye karatasi iliyokwisha kuchapwa, pima ile mistari mitano kutoka wa chini hadi wa juu. Ukikuta haifiki milimita 7, wapiga fidla wako wana haki. Mimi humwekea anayesoma peke yake 7.5, na fidla 8, maana wawili huchangia stendi moja na upinde nao unataka nafasi, kwa hiyo karatasi hukaa mbali. Kwenye programu unachoweka ni nafasi kati ya mstari na mstari, yaani robo ya kimo hicho: ukitaka 8, weka 2.

Lakini katika taarab vichwa vya noti havinitii wasiwasi sana. Alama za kushusha sauti, yaani flati, ndizo zinazoniumiza. Bayati ya Re, yaani makamu (ngazi ya sauti) ya Bayati inayoanzia Re, ina nusu flati kwenye Mi na flati kamili kwenye Si, na kinachozitofautisha ni kijistari kimoja tu kilichokata shina. Mistari ikiwa ya milimita 5, tena fotokopi ya fotokopi, kijistari kinapotea. Fidla inaishusha Mi nusu toni, kanuni (ile ala ya nyuzi) inaishusha robo toni, na hapo ni vurugu. Nimewahi kumlaumu kijana kuwa sikio lake bovu, kumbe ubovu ulikuwa kwenye karatasi yangu.

Wakati wa kuchapa, chagua asilimia 100, usiiruhusu printa ipunguze ili itoshee. Ukurasa wa A4 ukibanwa kwenye karatasi ya Letter ya Kimarekani hushuka hadi asilimia 94 hivi, na 7 yako inakuwa 6.6.

Hiyo ya ukurasa mmoja isamehe. Gundisha A4 mbili kwa selotepu, zikae wazi kwenye stendi. Ukihitaji ya tatu, mgeuzo uwe pale mwimbaji anaposhika ubeti na fidla zimenyamaza. Za zamani ulizobana usihangaike kuziandika upya leo: fotokopi ya A4 kwenda A3 hukuza kwa asilimia 141, na milimita 5 zinakuwa 7. Ila A3 ni pana na upepo unaipenda, kwa hiyo mkipiga nje chukueni vibanio vya nguo.