Kabla hujamfungulia moyo, muulize leseni

Mlangoni palikuwa na kibao: "Dkt.", jina lake, kisha "mtaalamu wa saikolojia". Kwangu hiyo ilitosha. Nilikuwa silali, moyo unanienda mbio usiku kucha, na nilitaka mtu wa kunisikiliza. Kunisikiliza alinisikiliza, tena vizuri. Wiki ya tatu akaniambia niache vidonge vya sonona nilivyoandikiwa hospitali, niviache siku hiyohiyo. Nikatii. Haikupita wiki nikashikwa na kizunguzungu, na kila nikigeuza macho nahisi kama shoti ya umeme inapita kichwani. Daktari aliyeniandikia alisikitika: dawa zile hupunguzwa kidogo kidogo, naye akifuatilia.

Niliporudi kudai maelezo nilikwenda na dada yangu. Yeye ndiye aliyesogelea vyeti vya ukutani akavisoma kimoja kimoja. Ule udaktari ulikuwa shahada ya uzamivu katika usimamizi wa biashara. Cheti cha ushauri nasaha kilikuwa cha kuhudhuria semina ya siku 2. Leseni haikuwepo. Mimi nilikuwa nimeukalia mbele ukuta ule wiki tatu nzima.

Kwa hiyo jua unayeonana naye. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili ni daktari wa tiba kwanza, kisha akabobea. Huyo huandika dawa. Mwanasaikolojia tiba amesomea akili na tabia za binadamu hadi uzamili au uzamivu, hupima na hutibu kwa mazungumzo, na sehemu nyingi duniani haruhusiwi kuandika dawa. Wapo pia washauri nasaha, wauguzi wa afya ya akili na maofisa ustawi wa jamii. Usidhani hawa ni wa daraja la chini: aliyenisaidia kuliko wote ni mshauri nasaha.

Majina yenyewe hayatoshi. Nchini Uingereza, asiyesajiliwa akijiita mwanasaikolojia tiba anavunja sheria, lakini yeyote anaweza kujiita mshauri nasaha, na sheria haimgusi. Ndiyo maana nasisitiza namba ya usajili. Iombe, kisha ingia mwenyewe kwenye rejista ya bodi au baraza lililomsajili. Tazama kama jina ni lilelile, kama leseni ingali hai, na kama amewekewa masharti. Picha ya leseni aliyokutumia kwa simu isikutoshe.

Ukikuta bado yuko mafunzoni, usikimbie. Wote walipita huko, wakifanya kazi chini ya msimamizi. Ila akuambie mapema, na akutajie msimamizi wake.

Najua kuuliza kunatia aibu, hasa ukiwa umechoka na unataka tu kulia. Mimi niliandika maneno kwenye karatasi nikayasoma kwenye simu, sauti ikitetemeka: "Samahani, umesajiliwa na nani, na namba yako ni ipi?" Yule mshauri wangu wa sasa alinitajia namba polepole, akasubiri niiandike, kisha akaniomba nimsomee kuhakikisha sijakosea tarakimu.